Humanæ: rangi inayomfuata mtu

Mtu anasimama mbele ya ukuta mweupe, mabega wazi, na kuitazama kamera moja kwa moja. Mwanga ni ule ule kwa kila anayefuata, na sura hukatwa kwa kipimo kile kile. Picha ikishapigwa, mpigapicha Angélica Dass huifungua kwenye kompyuta, akachukua kipande cha pikseli 11 kwa 11 kutoka kwenye pua, akaitafuta rangi yake katika kitabu cha rangi cha kampuni ya Pantone, kisha ule ukuta mweupe wote akaujaza rangi hiyo. Chini ya picha anaandika namba ya rangi. Haandiki jina, haandiki nchi, haandiki umri.

Kazi hii inaitwa Humanæ. Ilianzia Madrid mwaka 2012, na sasa ina picha zaidi ya 4,000 zilizopigwa katika nchi zipatazo 20: Uhispania, Ufaransa, Norwei katika mji wa Bergen, Urusi katika mji wa Tyumen, India, Uchina, Korea Kusini, Ekuado, Marekani, Brazili, na kwa upande wetu huu wa Afrika, Ethiopia pale Addis Ababa. Wengi wetu tumekutana nayo kwenye simu, safu kwa safu za nyuso, na juu yake mtu ameandika kwamba sote ni wazuri.

Mimi napiga picha za watu kwa ajili ya kula, na nataka kuichambua kazi hii kwa jicho la kazi. Ule ujumbe kwamba sote ni wazuri ni wa kweli, lakini hata tangazo la sabuni linaweza kuubeba. Uzito wa Humanæ nauona kwenye utaratibu wake: nani anapimwa kwa nani. Kwa sehemu kubwa ya historia ya picha za rangi, mtu mweusi alipimwa kwa kadi ya mfano wa rangi iliyotengenezwa bila yeye kufikiriwa. Dass ameanza na mtu, kadi ikaja baadaye.

Alikoanzia

Dass alizaliwa Rio de Janeiro mwaka 1979, katika familia ambayo picha yao ya pamoja ingemtesa mpigapicha yeyote. Ameieleza mwenyewe jukwaani, tena kwa majina ya vyakula. Baba yake ni wa rangi ya chokoleti iliyokolea, aliyezaliwa na mtumishi wa ndani na kulelewa kama mwana na bibi mwenye ngozi ya kauri. Mama yake ni mdalasini wenye asali kidogo, binti wa mama wa asili ya wenyeji wa Brazili na baba wa kahawa yenye maziwa, kahawa ikiwa nyingi. Dada mmoja wa mama ni karanga zilizokaangwa. Mwingine, naye wa kulelewa, anakaribia chapati za maji. Nyumbani hakuna aliyeona ajabu.

Ajabu ilimsubiri nje. Shuleni kulikuwa na penseli iliyoitwa ya rangi ya ngozi, na penseli hiyo ilikuwa ya pinki. Alipokuwa mkubwa alimpeleka binamu yake shule akadhaniwa yaya. Akisaidia jikoni kwenye sherehe ya marafiki, wageni walimchukulia kuwa mfanyakazi wa ndani. Kwenye majengo aliambiwa apande lifti ya watumishi. Kisha akaolewa na Mhispania, mtu ambaye jua likimpata anakuwa mwekundu kama kamba wa baharini, na watu wakaanza kumuuliza watoto wao watakuwa wa rangi gani. Hilo, anasema, lilikuwa jambo la mwisho kumsumbua, lakini swali lilimrudisha kwenye penseli ile. Akaanza kupiga picha.

Kuijua Brazili kidogo kunasaidia hapa. Wareno, na baadaye Wabrazili wenyewe, waliingiza huko karibu Waafrika milioni 5 watumwa, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Amerika, na utumwa ulikomeshwa kisheria tarehe 13 Mei 1888, mwisho kabisa katika bara hilo. Sensa ya leo ina makundi matano ya rangi, na ile ya 2022 ilionyesha kwamba walio wengi zaidi, asilimia 45.3, walijiita pardo, yaani wa mchanganyiko. Mwaka 1976 idara ya takwimu ya nchi hiyo iliwahi kuwaacha watu waeleze rangi yao kwa maneno yao wenyewe, na yakapatikana maelezo zaidi ya 130. Dass anatoka katika nchi yenye zaidi ya majina 130 ya ngozi na penseli moja tu. Kwa hiyo hakuwa anabuni hoja. Alikuwa anaionyesha hesabu ambayo nyumbani kwao inajulikana na ofisini haitambuliki.

Kadi ya zamani

Sasa turudi nyuma, maana bila kuijua kadi ya kwanza huwezi kuona alichokipindua.

Kwa muda mrefu Kodak iliuza mkanda wa rangi kwa bei iliyokwisha kujumuisha gharama ya kusafisha. Ulipiga, ukarudisha mkanda kiwandani, ukaletewa picha. Mwaka 1954 serikali ya Marekani iliibana kampuni hiyo ikaacha utaratibu huo, na maabara za watu binafsi zikafunguka. Kila maabara ilihitaji njia ya kujua kama mashine yake inatoa rangi sawasawa. Kodak ikawa inawapelekea negativu na picha ya mfano, ya mwanamke mweupe. Wa mwanzo alikuwa mfanyakazi wao aliyeitwa Shirley, na jina likabaki kwenye kadi hata wanawake walipobadilika. Asubuhi fundi anasafisha ile negativu, anailinganisha na kadi, anageuza vitufe hadi Shirley atoke vizuri. Shirley akitoka vizuri, mashine iko tayari kwa kazi ya siku nzima, awe nani aliye kwenye mkanda unaofuata.

Mkanda wenyewe nao ulikuwa umetengenezwa ukiifikiria ngozi hiyo. Watoto weusi waliopigwa picha ya darasa pamoja na wenzao weupe walibaki macho na meno. Akina mama walilalamika. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Montreal, alipowahoji waliofanya kazi Kodak, alielezwa kwamba kilichoisukuma kampuni kuboresha rangi za kahawia kilikuwa hasa malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani, ambao hawakuweza kutofautisha chokoleti nyeusi na ya maziwa, au mbao ya aina moja na nyingine, kwenye matangazo yao. Miaka ya 1990 zilianza kutoka kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali. Kila nikiifikiria habari hii huwa nakasirika, na sioni sababu ya kuificha hasira hiyo: mama alisema uso wa mwanawe haupo kwenye picha, na haikutosha.

Mikanda hiyo ilifika kwetu pia, na mashine zake zikafika Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Kabla yake tulikuwa na wakubwa wa picha nyeusi na nyeupe. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale Unguja mwaka 1930, na Parekh Studio ya Mombasa ilianza miaka ya 1940. Zitazame picha za Parekh: mwanamke mweusi aliyevaa gauni jeupe, na bado shavu lake lina mteremko, kope zake zinahesabika, gauni halijaungua kwa mwanga. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa kwenye chumba cha giza akiamua uso mmoja mmoja, huku akiuzuia mwanga kwa mkono na hapa akiuachia. Mashine ya rangi ilipokuja, uamuzi ule ulichukuliwa na kadi. Wazee wetu wa studio walijua kupiga ngozi nyeusi. Ujuzi wao ulipitwa na mashine isiyoujua.

Ukuta unapobadilishwa

Kuna jambo la kiufundi katika Humanæ ambalo sijaona likisemwa vya kutosha, na kwangu ndilo moyo wa kazi.

Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kisha iachie kamera iamue. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera kimetengenezwa kudhani kwamba chochote kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu cha katikati. Kikikutana na ukuta mweupe kinaona mwanga umezidi, kinaupunguza, na uso unazama. Ukimsogelea yule yule hadi uso ujaze fremu, kipimo kinaona giza, kinaongeza mwanga, na weusi mzuri unageuka majivu. Makosa mawili yanayopingana, kwa mtu mmoja, na mashine ile ile. Huu ndio ugonjwa wa picha nyingi za pasipoti mitaani: fundi anapiga, uso unatoka mweusi mno, anauvuta mwanga kwenye kompyuta, mtu anaondoka na uso wa kijivu ambao mama yake hawezi kuukubali.

Hata ukipima vizuri, jicho nalo lina tabia zake. Rangi yoyote ikikaa juu ya nyeupe huonekana nyeusi kuliko ilivyo. Ngozi ya maji ya kunde juu ya ukuta mweupe husomeka kuwa nyeusi tu, na ile nyekundu iliyomo, na njano, hupotea. Dass anapouondoa ukuta mweupe na kuweka rangi ya ngozi yenyewe, nyeupe inaacha kuwa rula. Uso hauna tena cha kushindana nacho. Ndipo unaona kwamba paji la uso ni jeusi kuliko mashavu, kwamba pembeni mwa midomo kuna zambarau, kwamba chini ya macho kuna buluu, kwamba masikio yamepitisha wekundu wa damu. Na mtu mweupe anapata yale yale: juu ya nyuma ya rangi yake, unamwona alivyo na pinki, njano na madoa ya kahawia, na hakuna mahali popote kwenye uso wake palipo peupe kama karatasi.

Nendeni mkaijaribu wenyewe kwenye simu. Chukua picha ya ndugu yako, ibadilishe nyuma mara mbili, nyeupe na rangi ya pua yake, uziweke pamoja. Hutahitaji maelezo yangu.

Namba ni ya nani

Mfumo wa Pantone ulitolewa mwaka 1963 na Lawrence Herbert huko Marekani, ili mchapaji wa mji mmoja na mteja wa mji mwingine wataje namba moja na kupata wino ule ule. Ni kitabu cha maboksi, nembo na vitambaa. Mwaka 2012, ule ule ilipoanza Humanæ, kampuni ilitoa pia mwongozo maalumu wa rangi za ngozi, wenye rangi 110, lakini namba za Dass zinatoka katika vitabu vya kawaida vya wino. Namba zake nyingi huishia na herufi C, ambayo katika lugha ya wachapaji inamaanisha rangi hiyo ikiwa juu ya karatasi yenye mng'ao. Yaani hata namba ya binadamu imefungwa kwenye aina ya karatasi. Napenda kwamba hakuificha herufi hiyo.

Tukisoma kwa makini, hakuna namba ya mtu. Pua ni sehemu inayobadilika haraka usoni. Mafua yanaiwasha, baridi inaifanya nyekundu, jua linaichoma kabla ya paji, na kwa wengi wetu ina mafuta yanayorudisha mwanga. Mkazi wa Bergen akipigwa Januari na akapigwa tena Julai atapewa namba mbili. Mvuvi wa Bagamoyo ana rangi moja usoni, nyingine chini ya shati, nyingine kwenye kiganja. Kinachopimwa kwenye Humanæ ni pua hii, leo, chini ya taa hii. Kazi ikisomwa hivyo ni ya kweli. Ikisomwa kama kipimo cha kudumu cha mtu, inageuka kuwa kile kile inachokipinga, na nimeona watu mtandaoni wakijitafutia namba zao kwa fahari kana kwamba ni ukoo mpya. Hilo silifurahii. Dass mwenyewe amesema wazi kwamba nia yake ni kutufanya tujiulize tunavyoonana kwa makundi ya weusi, weupe, wekundu na njano. Ukichukua namba ukaifanya kundi jipya, hujajiuliza.

Uso mbele, mabega wazi, namba chini

Lipo pingamizi zito zaidi. Mtu akitazama kamera mbele, bila nguo inayoonekana, na namba chini yake, ni picha ya aina gani? Ni ya gereza. Ni ya kipimo cha kikoloni. Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Lindi, Masasi na Newala akipiga picha za Wamakonde, Wayao na Wamakua kwa ajili ya elimu yake ya makabila. Miaka hiyo hiyo, Felix von Luschan kule Berlin alikuwa na ubao wa vigae 36 vya kioo vilivyopangwa kuanzia cheupe hadi cheusi. Mpimaji alikishika kigae kando ya mkono wa mtu, sehemu isiyopigwa jua, na kuandika namba. Baadaye, Afrika Kusini, kamera za Polaroid za vitambulisho zilitumika kutengeneza vile vitabu vya pasi vilivyowafunga Waafrika. Wafanyakazi wa Polaroid wenyewe huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, walianzisha upinzani mwaka 1970, na kampuni iliondoka Afrika Kusini mwaka 1977.

Kwa hiyo lugha ya picha anayoitumia Dass ina historia chafu, na anayesema inamtia wasiwasi ana haki. Hata hivyo nadhani anaitoa mikononi mwa wapimaji wale, na nitasema kwa nini. Kwanza, watu wake ni wa kujitolea. Hakuna aliyepangwa foleni na mkuu wa wilaya. Pili, hachagui wa kupimwa: amempiga mtu aliyewahi kuwamo katika orodha ya matajiri ya Forbes, na wakimbizi waliovuka Mediterania kwa boti. Paris alipiga watu kwenye makao makuu ya UNESCO na akapiga pia kwenye hifadhi ya wasio na makazi. Amepiga wanafunzi wa Uswisi na wa mitaa ya favela ya Rio. Wote mabega wazi, wote namba. Weule hakuwahi kumvua shati profesa wa Leipzig ili ampime.

Tatu, na hili ndilo linalonishawishi zaidi, kuta zake hazina ngazi. Vigae vya Luschan vina mwanzo na mwisho, cha kwanza na cha 36, na ukishakuwa na ngazi unakuwa na walio juu na walio chini. Dass huchanganya. Mzee mwenye madoa ya jua yuko kando ya msichana mweusi tii, naye yuko juu ya kijana wa rangi ya mchanga. Ukikaa mbele ya ukuta huo ukataka kuchora mstari kwamba hapa weupe wameishia na hapa weusi wameanzia, hupati pa kuchora. Nyuso mbili zinazofanana rangi kabisa zinaweza kuwa na pua, nywele na macho ya watu ambao sensa isingewaweka ukurasa mmoja.

Sisi Afrika Mashariki tuna mfano ambao unaifikisha hoja hii mbali. Mtu mwenye ualbino, tuseme wa Mwanza, ana baba mweusi, mama mweusi, lugha ya kwao na kaburi la babu yake kijijini. Kitabu cha wino kikisogezwa puani pake kitampa namba iliyo jirani na ya mtu wa Norwei. Kwa hesabu ya rangi si mwenzetu. Kwa hesabu nyingine yoyote ni mwana wa nyumba. Tanzania imewazika watu wenye ualbino waliouawa na kukatwa viungo kwa sababu ya rangi hiyo, na mpaka leo wapo wazazi wanaowaficha watoto. Ningetamani sana kuona ukuta wa Humanæ uliopigwa kanda ya ziwa, ndugu wa tumbo moja wakiwa bega kwa bega, kila mmoja na nyuma yake.

Kazini kwetu

Wapigapicha wenzangu huniuliza haya yote yanawasaidia nini siku ya Jumamosi, harusini. Yanasaidia sana, kwa sababu harusi zetu ni Humanæ isiyo na studio. Bibi harusi ni maji ya kunde na kapakwa vipodozi vilivyomfanya mweupe kuliko shingo yake, bwana harusi ni mweusi mwenye suti nyeusi, shela ni jeupe, na wote wamekaa chini ya turubai la buluu au kijani. Turubai ndilo adui wa kwanza. Mwanga unaolipita unapaka kila ngozi rangi yake, na kamera ikijaribu kurekebisha yenyewe inamponya mmoja na kumharibu mwingine. Watoeni nje ya turubai, hata hatua chache, kwenye kivuli cha wazi. Weka kadi ya kijivu mkononi mwa mmoja wao kwa picha ya kwanza ili urekebishe rangi kwa kitu kisichodanganya.

Kisha pima shavu la bwana harusi peke yake, kwa kipimo cha doa, kile kinachosoma sehemu ndogo tu ya picha, na ushushe mwanga stopu moja, yaani nusu, au zaidi kidogo akiwa mweusi sana, ili weusi wake ubaki weusi wenye uhai. Kwa bibi harusi mweke upande ulio mbali kidogo na mwanga, bwana karibu nao. Shuka jeupe likishikwa na mtoto mmoja chini ya uso wa bwana linarudisha mwanga wa kutosha kuonyesha taya. Ngozi nyeusi haiangazwi kwa kuimwagia mwanga mwingi wa mbele, inachongwa kwa mwanga mpana wa pembeni. Ule mng'ao kwenye shavu na daraja la pua, ambao wengi huufuta kwa poda, ndio unaotoa umbo. Uache.

Na kwenye kompyuta, usiguse kile kitelezi cha kung'arisha. Nasema hivi nikijua wateja wanaomba. Kuna dada huja na kusema "nitoe mweupe kidogo", na amekuja akiwa na alama za mkorogo shingoni. Mimi humwonyesha picha mbili, ile aliyoomba na ile niliyopima sawasawa kwa nyuma ya kahawia iliyolingana naye, na kumwacha achague. Si wote wanaochagua ya pili. Wanaoichagua huitazama muda mrefu.

Ambako ukuta wa picha haufiki

Kusherehekea na kutendea haki ni kazi mbili. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru, huyu wa pili mzaliwa wa Addis Ababa, walichapisha uchunguzi wa programu za kompyuta zinazotambua jinsia ya mtu kwa uso. Walikusanya nyuso 1,270 za wabunge, wa Rwanda, Senegali na Afrika Kusini kwa upande mmoja, na wa Iceland, Finland na Sweden kwa upande mwingine. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Ni Shirley yule yule amehamia kwenye kompyuta: mashine ilifundishwa kwa nyuso za aina moja, ikaitwa tayari. Mbunge wa Kigali, mwenye bunge lililojaa wanawake kuliko mabunge yote duniani, angeweza kusomwa na mashine kuwa mwanamume.

Picha elfu nne nzuri ukutani hazikuzuia hilo, na sidhani zilipaswa. Kilichosaidia ni vipimo vyenye masharti. Mwaka 2022 Ellis Monk, mwanasosholojia wa Harvard, akishirikiana na Google alitoa kipimo cha rangi 10 za ngozi, ili watengenezaji waanze kukagua mitambo yao kwa upana zaidi kuliko kile kipimo cha daktari wa ngozi Fitzpatrick, chenye aina sita za ngozi, ambacho kilianza mwaka 1975 kwa ajili ya madaktari waliotaka kujua ngozi ipi inaungua kwa mwanga. Rangi 10 ni chache mno kwa mtu na zinatosha kwa mkaguzi. Humanæ inafanya kinyume: haina faida kwa mkaguzi, kwa sababu ina rangi nyingi kama watu wenyewe. Anayezichanganya kazi hizi mbili huishia kuidai sanaa iwe sheria, au kuiachia kampuni isherehekee bila kukaguliwa.

Mahali ambapo Humanæ imefanya kazi ambayo vipimo haviwezi ni darasani. Dass amekuwa akiingia shuleni na watoto wachanganye rangi za maji hadi wapate ngozi yao, na walimu katika nchi nyingi wameichukua kazi yake kufundishia. Kwetu boksi la penseli za rangi linalouzwa stesheneri bado lina ile ya pinki nyepesi, na mtoto wa chekechea wa Temeke au Kisumu akiambiwa amchore mama yake huishika hiyo. Mwalimu wa sanaa hahitaji kitabu cha Pantone. Nyekundu, njano, nyeupe na buluu kidogo zinatosha. Mwambie mtoto aanze na nyekundu na njano apate chungwa, atie buluu tone moja moja hadi ipate kahawia, aweke brashi kando ya mkono wake, alinganishe, aongeze. Atakosea, ataongeza nyeupe, ataharibu, ataanza tena. Akimaliza aandike jina lake mwenyewe chini ya rangi hiyo, na karatasi zibandikwe ukutani bila kupangwa.